Nilipoanza Kuhesabu Zaburi



Ninaandika haya nikiwa nyumbani kwangu Bungu, wilaya ya Kibiti, saa mbili usiku. Pikipiki imepita barabarani sasa hivi. Nimesimamisha kalamu mpaka mlio ulipopotelea upande wa Jaribu, nikawahesabu watoto kwa macho, ndipo nikaendelea. Imepita miaka minane na bado nafanya hivyo. Kwa hiyo wewe unayesoma, usinidhanie kuwa mtu aliyemaliza kuogopa. Mimi ni mtu aliyevushwa tu.

Si mzaliwa wa huku. Kwetu ni Muleba, mkoani Kagera, na kazi yangu ni ualimu wa shule ya msingi. Niliolewa na kijana wa Peramiho, Songea, aliyeajiriwa kuwa mtendaji wa kijiji akapangiwa huku, wakati Kibiti bado ni sehemu ya wilaya ya Rufiji. Bungu iko kando ya barabara kuu iendayo Lindi, zaidi ya kilomita 100 kusini ya Dar es Salaam. Ni nchi ya mikorosho, minazi, machungwa na muhogo. Majirani zetu wengi ni Waislamu, Wandengereko kwa asili, na walitupokea vizuri tangu siku ya kwanza. Sisi Wakristo tulikuwa wachache: walimu, wauguzi, watumishi wa serikali, na wafanyabiashara waliotoka bara. Kanisa letu dogo lilijaa kwa benchi nane.

Nataka niseme kweli kuhusu imani yangu ya wakati ule. Watu waliniona mwombaji. Kwaya niliimba sauti ya kwanza. Mkesha wa mwisho wa mwezi sikuukosa, na mkutano wa injili ukifanyika Mbagala, Dar es Salaam, nilipanda basi na mtoto mgongoni. Kwenye umati niliomba mpaka jasho likanitoka. Lakini Jumatatu hadi Jumamosi, nikiwa peke yangu, hapakuwa na kitu. Biblia ilikaa kabatini chini ya vitenge. Moyo ukiwa na moto niliomba, usipokuwa na moto niliungoja uwake. Niliamini kabisa kwamba kuomba bila moyo kuwaka ni unafiki.

Bibi yangu kule Muleba hakuwa hivyo. Yeye alikuwa mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika kwetu Buhaya. Aliamka kabla jogoo hajawika, akapiga magoti pembeni ya kitanda, kila siku, awe mzima au awe na homa. Sisi wajukuu tulimsikia akinong'ona tukajifunika shuka. Nilipokua nikaona ni mazoea ya wazee tu. Mungu anisamehe.

Tangu mwaka 2015 tulianza kusikia habari za mauaji. Mwenyekiti wa kitongoji huku, mtendaji kule, mgambo, askari. Wauaji wanakuja giza likiingia, wanamwita mtu kwa jina lake, wanapiga risasi, wanaondoka na pikipiki. Mwanzoni yalikuwa ni mambo ya mbali. Halafu yakawa ya kijiji cha pili. Mpaka mwaka 2017 unafika katikati, waliouawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga walikuwa zaidi ya 30, na wengi wao walikuwa na kazi kama ya mume wangu.

Aprili 13, 2017 ilikuwa Alhamisi Kuu. Tuliwekewa ibada ya Meza ya Bwana saa kumi jioni badala ya usiku, ili watu wawahi nyumbani. Tulitoka kanisani jua bado lipo. Nilikuwa nabandika maharage wakati simu ya mume wangu ilipoita. Alisikiliza. Hakusema kitu. Akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniambia, "Polisi. Wanane. Hapo barabarani." Walikuwa wanarudi kutoka lindo, gari lao likashambuliwa, wakafa wanane, wilayani kwetu, kwenye barabara ile ile tunayopandia mabasi.

Siku ya Pasaka tuliimba. Lakini mlango wa kanisa uliachwa wazi na wanaume wawili walisimama nje.

Baada ya hapo mume wangu hakulala nyumbani. Leo kwa rafiki, kesho shambani kwenye mikorosho, keshokutwa sijui. Wifi yangu anayeishi Mbagala alipiga simu akalia, akasema mleteni ndugu yangu kabla sijaletewa maiti. Katikati ya Mei mume wangu alipanda basi la asubuhi, amevaa kofia, bila begi, kama mtu anayekwenda sokoni. Mimi nilibaki. Nilikuwa na darasa, watoto walikuwa shuleni, na mwalimu haondoki tu. Mwezi ule ule pikipiki zikapigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mikesha ikafutwa. Kwaya ikaacha mazoezi ya jioni. Jumuiya ikahamia Jumapili mchana, na wengi hawakuja.

Ndipo nikaona nilichokuwa nacho. Imani yangu yote ilikuwa ya usiku na ya umati, na usiku na umati vilikuwa vimeondolewa. Sikubaki na kitu mkononi.

Kilichoniumiza zaidi ni jinsi nilivyoanza kuwatazama watu. Muuza chapati, kijana wa dukani, mzazi aliyekuja shuleni kuulizia mtoto: niliwapima wote. Jirani yangu, bibi mmoja mjane wa Kindengereko ambaye ndiye aliyenikanda nilipojifungua mtoto wa pili, alikuwa na mjukuu mwenye pikipiki. Nilimhesabu yule kijana kuwa mmoja wa wauaji. Sikumwambia mtu, lakini moyoni nilishamhukumu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Mei 29.

Watoto nimewalaza chini, si kitandani, kwa sababu dirisha liko usawa wa kitanda. Mkubwa ana miaka tisa. Mdogo minne. Taa nimeizima mapema. Inapata saa nane.

Mbwa wakabweka kule kwenye mikorosho. Wakanyamaza.

Halafu pikipiki.

Ikaja. Ikapunguza mwendo. Ikazimika. Nje ya nyumba yetu.

Nilitaka kuomba. Nikaanza Sala ya Bwana, ile ninayowafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Nikafika maneno mawili, nikasahau. Nikaanza tena. Nikasahau. Nikatafuta wimbo hata mmoja. Hakuna. Nikalitafuta jina la Yesu, lenyewe tu. Ulimi ulikuwa kama si wangu.

Chuma kikagonga chuma. Mtu akakohoa. Mwingine akaguna, kama anayeumwa.

Sijui ni dakika ngapi. Pikipiki ikawaka. Ikaondoka.

Ndipo nikahisi kitu kinanipiga tumboni. Ilikuwa miguu ya mwanangu mdogo. Kiganja changu kilikuwa juu ya mdomo wake. Na pua yake. Alikuwa ameamka, akataka kulia, nikamziba. Sijui tangu saa ngapi. Nilipoutoa mkono alivuta pumzi. Ile sauti naisikia mpaka leo. Hakulia. Alitulia tu kifuani pangu, na mimi nilijua kwamba kidogo, kidogo sana, ningekuwa nimemuua mwanangu kwa mkono wangu wakati hakuna aliyetugusa.

Nilikaa macho. Sikuomba. Sikuweza kuomba. Nilifikiri, basi, Mungu ameona mimi ni mtu wa namna gani.

Mfungo wa Ramadhani ulikuwa umeanza siku chache tu nyuma. Kwenye ufa wa dirisha nikaona mwanga mwekundu: yule bibi jirani amewasha moto wa daku. Kila siku aliwasha saa ile, na mimi kila siku nililala nisiuone. Nikautazama ule moto kama mtu anayezama anavyotazama mtumbwi. Halafu adhana ya alfajiri ikasikika. Nikawafunika watoto, nikafungua mlango, nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujalala wewe."

Nikamwambia yote, isipokuwa la mjukuu wake. Alisikiliza, akatikisa kichwa. "Pikipiki ile ni ya huyu mjukuu wangu. Mke wa jirani yetu kashikwa na uchungu, wakaona asife ndani, bora wakamatwe. Mnyororo ukawachomokea hapo kwako." Nikauliza kama amejifungua. "Wa kike," akasema. "Wazima wote."

Nililia pale jikoni kwake kwa namna ambayo sijawahi kulia kanisani. Nilipotulia nikamwambia, "Bibi, mimi siwezi tena kusali. Nimejaribu, maneno hayaji."

Akaniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi. "Nani kakwambia kusali ni mpaka uweze? Mimi saa ikifika natawadha. Siku nyingine moyo upo, siku nyingine moyo uko shamba. Nasimama hivyo hivyo. Moyo unanikuta kwenye mswala."

Sikubadili dini yangu, na yeye hakunitaka nibadili. Lakini neno lile lilinirudisha Muleba, pembeni ya kitanda cha bibi yangu, nikaelewa alichokuwa akifanya miaka ile yote. Nikakumbuka pia kitabu cha Danieli, sura ya sita. Mara ngapi nimewafundisha watoto habari ya simba! Sikuwahi kukaa na lile jambo la kabla ya simba: kwamba amri ilipotoka, Danieli alikwenda chumbani akaomba mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu mwanzo. Yeye aliingia tunduni na mazoea yake tayari. Mimi nilitakiwa nianze nikiwa humo humo.

Asubuhi ile ile, kabla ya kwenda shule, nilichukua kaunta buku jipya nikaandika tarehe, Mei 29, na mbele yake: Zaburi 1. Nikajiwekea utaratibu mdogo ambao hata mtu mwenye hofu angeuweza. Adhana ikilia naamka. Nanawa uso. Naketi kwenye kigoda karibu na mlango, maana mlangoni ndipo hofu ilipokaa. Nasoma zaburi moja kwa tochi ya simu, hata nisipoielewa. Naombea nyumba moja, moja tu, kwa majina ya watu wake. Nasimama. Siku ya kwanza ilichukua dakika saba, na nyumba ya kwanza niliyoiombea ni ya yule kijana wa pikipiki.

Sikusikia kitu. Nataka ulijue hilo, wewe ambaye labda umeanza juzi na unaona umekauka. Wiki ya kwanza sikusikia kitu, ya pili pia. Mikono ilitetemeka juu ya ukurasa. Kilichobadilika ni kimoja: usiku ulikuwa na mwisho unaojulikana. Nilipokuwa macho saa nane sikungoja tena watu wabaya. Niliingoja zaburi.

Usiku, saa tatu, dada yangu, niliyekuwa nimemweleza utaratibu wangu, alipiga simu kutoka Muleba. Hakuuliza habari za mauaji. Alisema tu, "Umefika ya ngapi?" Nikamtajia namba, naye akaisoma kwa sauti upande wake, halafu watoto wakasema amina kwenye spika ya simu. Vocha alinunua yeye, na mshahara wake najua ni mdogo.

Katikati ya Juni mama mkwe alishuka kwenye basi na mfuko wa mahindi na rozari shingoni. Hatukumwita. Alisema mwanawe amemwambia nimebaki na watoto, kwa hiyo amekuja, na hakuna aliyebishana naye. Yeye ni Mkatoliki wa Peramiho hasa, amekulia kwenye kengele za abasia ya Wabenediktini, ambao wako pale tangu 1898. Saa sita mchana, popote alipo, hata akiwa amelowa povu la kufulia, anasimama na kusali Malaika wa Bwana. Mimi Mlutheri sikuwa na sala ya saa sita. Nikaazima saa yake. Kengele ya mchana ikigongwa shuleni nilikwenda chini ya mwembe, nikasema Sala ya Bwana mara moja, nikarudi darasani. Siku niliyofika mwisho bila kusahau neno hata moja nilishika shina la ule mwembe nikabaki nimelishika.

Mwisho wa Juni habari mbaya zilikuja tena mfululizo. Nilikosa siku nne. Sikufungua Biblia wala kaunta buku, nililala nimegeukia ukuta, adhana ikapita. Baadaye, kila siku niliyokosa niliiwekea mstari. Mama mkwe aliiona ile mistari akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni siku nilizoshindwa. Nilitegemea mahubiri. Akaniwekea chai. "Ya leo ni ya ngapi?" akauliza. "Haya, isome."

Kama uko mahali pale sasa, una mistari mingi kuliko namba, tafadhali usirudi nyuma kulipa deni. Mimi nilijaribu, asubuhi moja nikasoma zaburi tano kwa hasira, ikawa kama kumeza dawa za wiki kwa siku moja. Soma ya leo.

Agosti 31 nilifika Zaburi ya 88. Nimeimba zaburi maisha yangu yote na sikuwahi kujua hiyo ipo. Zaburi nyingi za machozi hugeuka kabla ya mwisho, mtu analia kisha anasifu. Ile haigeuki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na imo ndani ya Biblia, mtu ameiandika na watu wa Mungu wakaitunza. Niliisoma mara mbili. Kumbe aliyeiandika naye aliomba bila kuona kitu, na ile ilihesabiwa kuwa sala. Asubuhi ile ndipo nilipomwambia Mungu habari ya kiganja changu na pua ya mwanangu. Kwa miezi mitatu sikuwa nimeisema, hata kwa mume wangu. Niliisema yote, kwa sauti ndogo, pale kwenye kigoda. Kisha nikamwombea mwanangu, nikaenda kumwamsha, nikamwambia nisamehe. Hakujua nasema nini. Akaomba maandazi.

Kufikia mwezi wa tisa mambo yalianza kutulia. Serikali ilikuwa imeweka mkoa wa kipolisi wa Rufiji, askari walikuwa wengi, risasi zikapungua masikioni. Jumapili ya Novemba 5 nilisoma Zaburi ya 150. Siku 161 kwa zaburi 150. Mume wangu alikuja kutoka Mbagala kwa siku hiyo tu. Mama mkwe alichinja kuku. Bibi jirani alileta wali wa nazi akaketi nasi, na mjukuu wake akala mpaka akachekwa.

Sitaki kukudanganya kwamba hofu ilikwenda siku ile. Novemba 21, mwaka huo huo, mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji ya huku kwetu, alitoweka Kibiti. Mpaka leo hajaonekana. Niliposikia, mwili ulirudi kuwa wa Mei. Lakini asubuhi yake adhana ililia, nikajikuta nimeshanawa uso kabla sijafikiri kama nina nguvu. Nyumba niliyoiombea siku hiyo ilikuwa yake. Bado inarudi kwenye orodha.

Mume wangu alirudi kazini Januari 2018. Yule bibi jirani alifariki mwaka 2021, na siku ya msiba wake mimi na mama mkwe tulipika pamoja na wanawe kama watoto wa nyumba. Aprili 2024 mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti, wakwe wa binti wa yule bibi walifika kutoka deltani na nguo walizovaa. Sita kati yao tuliwalaza kwetu. Mei 4 kimbunga Hidaya kikapita, barabara ya Lindi ikakatika Somanga, mabasi yakakoma, vyakula vikapanda bei. Kila alfajiri wageni wetu walitandika miswala sebuleni na mimi nikaketi kwenye kigoda changu mlangoni. Tuliongea kwa kunong'ona ili watoto wasiamke.

Sasa nina kaunta buku la tisa. Mistari ipo. Mwezi uliopita ilikuwa mitatu.

Mwanangu yule mdogo yuko darasa la sita. Tangu mwaka jana huamka nami, na zaburi husoma yeye kwa sababu macho yangu yamechoka na tochi ya simu. Juzi ilikuwa zamu ya 88. Nilitaka kumwambia aruke, nikajizuia. Aliisoma mpaka mwisho, akageuza ukurasa kutafuta kipande kilichobaki, akarudi.

"Mama, huyu mbona hajamaliza?"

"Amemaliza. Siku ile alifika hapo."

Akafikiri kidogo, akaweka kidole kwenye ukurasa. "Kesho tunaanzia 89?"

"Kesho 89."

Akafunga Biblia, akachukua kaunta buku, akaandika tarehe kwa mwandiko wake mkubwa. Kisha akaenda kuchota maji ya kuoga, nami nikawasha moto wa chai.